Shajara ya mradi wa mashua na mkono wa kulia, Februari hadi Septemba

Daftari hili lilianza Januari kuwa la mashua peke yake: mkuku (mti mkuu wa chini ya chombo) wa mita 7, mbao za mvule, misumari, siku za mafundi na fedha alizotanguliza mwenye chombo. Tangu Februari limekuwa pia daftari la mkono wangu wa kulia, kwa sababu kazi isingeweza kwenda mbele bila mkono huu, na kwa sababu yaliyonipata baada ya upasuaji sikuwahi kuyasikia kwa fundi yeyote hapa Nungwi. Ninayaandika kwa mpangilio wa tarehe, nikiyaacha yale yanayohusu mbao na misumari tu.

11 Februari

Tulikuwa watatu tukipandisha ubao wa ubavuni, mbichi bado na mzito. Mwenzetu aliyeshika upande wa omo, mbele ya chombo, aliteleza, na uzito wote ukanijia wakati kiwiko changu kimekunjwa. Ubao ukawa unaufungua mkono kwa nguvu huku mimi ninavuta kuukunja. Nilisikia mlio kwa ndani, kama kamba ya katani iliyokazwa inapokatika, kisha mkono ukapoa. Ubao haukuanguka kwa kuwa mwanangu mkubwa aliuwahi kwa bega.

Maumivu yalipungua usiku uleule, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilikwenda kwa mkandaji, nikachuliwa kwa mafuta ya karafuu siku tano mfululizo. Siku ya tatu damu ilikuwa imevilia kuanzia kwenye kunjo la kiwiko hadi nusu ya kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kifundo, na msuli wa mbele ya mkono ulikuwa umejikusanya juu karibu na bega kama kitu kilichofunguliwa kamba.

16 Februari

Daktari wa mifupa mjini hakuanza na mashine. Alinikunjisha kiwiko pembe mraba, kiganja kikitazama juu, kisha akapitisha kidole chake kutoka upande wa nje wa kiwiko akijaribu kukiingiza chini ya kano, ile kamba inayoufunga msuli kwenye mfupa, kama mtu anayeopoa kamba majini. Katika mkono wa kushoto kidole kilinasa kwenye kano ngumu kama demani, kamba ya tanga, tanga likiwa limejaa upepo. Katika mkono wa kulia kilipita bila kukuta chochote.

Alinieleza kwa utulivu, na ninaandika alivyoeleza. Kano ya chini ya msuli wa baisepsi hushika kwenye kinundu cha mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, chini kidogo ya kiwiko. Watu hudhani kazi yake ni kukunja mkono, lakini kukunja kuna misuli mingine inayosaidia. Kazi ambayo msuli huu unaibeba zaidi ni kukigeuza kiganja kitazame juu. Asiyeshonwa hubaki na mkono unaofanya kazi, ila hupoteza takriban theluthi moja ya nguvu ya kukunja na kama asilimia 40 ya nguvu ya kugeuza. Karani angeweza kuishi na upungufu huo. Fundi anayevuta uta wa keekee ya kutobolea mbao, anayekaza parafujo kwa bisibisi na kuongoza patasi ya kalafati, ya kuzibia mishono ya mbao, kutwa nzima, mimi sikuona namna.

Alisema pia kwamba siku zina hesabu. Baada ya wiki tatu au nne kano iliyokatika husinyaa, hupanda juu na kugandamana na nyama, na hapo mpasuaji hulazimika kupasua zaidi na kuvuta zaidi, na hatari kwa mishipa ya fahamu huongezeka. Siku tano nilizochuliwa zilikuwa hasara, na kuchua hakuwezi kurudisha kano kwenye mfupa.

23 Februari

Upasuaji umefanyika. Walipasua sehemu moja mbele ya kigasha, wakatoboa mfupa, wakaingiza ncha ya kano ndani ya tundu na kuifunga kwa nyuzi zilizoshikwa na kifungo kidogo cha chuma kilichokaa upande wa pili wa mfupa. Nilielewa mara moja: ni bolti iliyopita kwenye taruma, ubavu wa mashua, na kipande cha washa kikawekwa nyuma. Mkono umewekwa kwenye plasta ya nusu, kiwiko pembe mraba.

25 Februari

Leo nimegundua jambo ambalo nisingeligundua hospitalini. Nilikuwa ninasali Isha nimeketi kitini, mkono kwenye plasta, vidole viko nje. Nilipofika kwenye tahiyatu, kidole cha shahada hakikunyanyuka. Nilikitazama. Ncha yake ilinyooka kidogo, lakini kidole chenyewe kutoka shinani hakikuondoka pajani. Nilimaliza sala, nikajaribu vidole vyote: kukunja ngumi naweza, kufungua ngumi siwezi. Kidole gumba kimelala ndani ya kiganja. Kifundo cha mkono kinainuka, lakini kinapoinuka kinaegemea upande wa gumba, kama chombo kilichopakiwa mzigo upande mmoja.

Kuna na jambo la pili. Ngozi ya upande wa nje wa kigasha, kutoka kwenye kunjo la kiwiko hadi karibu na shina la gumba, imekufa ganzi. Nikiigusa ninahisi kama ninagusa ngozi ya mtu mwingine.

Niliyemuuliza wakati wa kuruhusiwa alisema uzito wa vidole ni uvimbe, utakwisha. Karatasi niliyopewa ina mistari mitatu: dawa za maumivu, usilowanishe bandeji, rudi baada ya wiki mbili. Nimeisoma mara kadhaa usiku huu nikitafuta neno moja juu ya vidole. Halipo.

9 Machi, wiki ya 2

Nyuzi za ngozi zimetolewa. Kidonda ni kisafi, hakina usaha. Daktari aliponiambia, “Fundi, nyoosha vidole,” nami nikajaribu, alikaa kimya, akavuta kiti karibu na kuanza kunipima kidole kimoja kimoja. Kisha aliniomba radhi kwamba nimekaa siku 12 na jambo hili bila kuambiwa nipige simu. Uungwana huo nimeuandika kwa sababu umenipa nguvu ya kuendelea kumwamini.

Nilichokuwa ninakiona kama tatizo moja ni matatizo mawili, ya mishipa miwili ya fahamu, na kila mmoja una tabia yake. Wa kwanza ni mshipa wa ngozi. Unapita juujuu kando ya kano, na wakati wa upasuaji hulazimika kuvutwa pembeni kwa vyuma ili mpasuaji aone kazi yake. Kuvutwa huko huutia ganzi. Hili ndilo tatizo linaloonekana zaidi ya yote baada ya kushona kano hii, na kwa wengi hupungua lenyewe ndani ya miezi mitatu hadi sita. Mshipa huu hauna amri juu ya msuli wowote, kwa hiyo ganzi yake haiondoi nguvu.

Wa pili ndio wenye uzito. Ni tawi la mshipa linalozunguka nyuma ya shingo ya mfupa uleule uliotobolewa, likaenda kutoa amri kwa misuli inayofungua vidole na gumba. Halihusiki na hisia ya ngozi, ndiyo maana sikuhisi ganzi mgongoni mwa mkono. Linapoumia, vidole haviinuki kutoka shinani. Ncha zake bado hunyooka kidogo kwa sababu misuli midogo ya kiganja hupata amri kwa njia nyingine. Kifundo bado huinuka kwa sababu msuli mmoja wa upande wa gumba hupata amri yake juu zaidi, kabla ya mahali palipoumia, nao ukivuta peke yake huupeleka mkono upande wake. Kila nilichokiona kwenye sala ya Isha kilikuwa kimeelezeka.

Tatizo hili la pili ni la nadra. Mpasuaji hujikinga nalo kwa kukigeuza kiganja juu kabisa wakati wa kutoboa, kwa kuwa mkono ukigeuzwa hivyo mshipa husogea mbali na njia ya keekee, na kwa kutovuta nyama kwa nguvu upande ule. Mimi natoboa mbao kwa miaka 26 na najua hofu ya kutoboa pasipo kuona kilicho nyuma ya ubao. Sikumlaumu kwa kutoboa. Nilichomwambia ni kwamba ile karatasi iongezwe mstari mmoja: kabla ya kutoka kitandani, mgonjwa afungue vidole na kuinua gumba mbele ya muuguzi, na asipoweza, daktari aitwe siku hiyohiyo.

16 Machi, wiki ya 3

Nimeanza fiziotherapia. Mtaalamu ni binti mdogo wa umri wa wanangu. Alinipa shikamoo, kisha akaniamrisha kama nahodha. Kiwiko ninaruhusiwa kukikunja na kukinyoosha kwa kiasi, hatua kwa hatua, bila kubeba chochote kizito kuliko kikombe cha chai. Vidole navyo visiachwe vimelala, kwa sababu viungo visivyofunguliwa hukakamaa, na mshipa ukija kupona utakuta milango imefungwa kwa kutu.

Splinti, kifaa cha kufunga mkononi cha kuinua vidole, iliyokuwepo ilikuwa kubwa mno na mipira yake imelegea. Nilimwomba anichoree vipimo. Nyumbani mwanangu alichonga kibao chembamba cha kukaa mgongoni mwa kigasha, tukakifunika kwa kitambaa cha kanga kuukuu, tukaweka vijiti vinne vilivyopinda juu ya vidole na kuvitundika vidole kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kila kimoja na pete ya ngozi laini. Sasa nikikunja ngumi, mpira hunyooka. Nikilegeza, mpira hukirudisha kidole juu. Mtaalamu aliikagua splinti yetu, akapunguza mvuto wa kidole kidogo, akaipitisha. Ni kazi ya kwanza ya useremala iliyotoka bandani tangu ajali.

30 Machi, wiki ya 5

Hofu kubwa leo. Niliteleza kwenye ngazi ya mashua na mkono wa kulia ukashika darumeti, boriti ya ndani ya mashua, kabla sijafikiri. Maumivu yalikuwa makali kwenye kiwiko. Nilipanda daladala namba 116 hadi mjini nikiwa nimeukumbatia mkono kama mtoto. Daktari alipitisha kidole chini ya kano, na kidole kikanasa. Kano ipo. Alisema kukatika upya hutokea kwa wachache, na mara nyingi ni wiki hizi za mwanzo, kwa mtu aliyebeba au kuvuta kabla ya wakati. Nimejipiga marufuku kupanda mashuani hadi wiki ya 12. Mataruma yaliyobaki yatasimamiwa na mwanangu, nami nitaketi mchangani na kusema.

6 Aprili, wiki ya 6

Nilivuka kwa feri kwenda Dar es Salaam kwa kipimo cha umeme wa neva, yaani mishipa ya fahamu, na misuli. Kipimo hiki hakina maana kikifanywa mapema mno, kwa kuwa dalili za msuli uliokosa amri huchukua wiki tatu au zaidi kujitokeza. Sindano nyembamba huchomwa kwenye msuli, na mashine husikiliza. Msuli wa kufungua vidole ulitoa mlio wa kukwaruza, ambao ni wa msuli uliokatiwa mawasiliano, lakini nilipojaribu kwa nguvu zangu zote ulitoa pia vishindo vichache vya hapa na pale. Vishindo hivyo vichache ndivyo nilivyorudi navyo Unguja: mshipa haukukatwa wote.

Nimepewa hesabu ya fundi. Uzi wa neva ulioumia huota upya takriban milimita 1 kwa siku, sawa na sentimita 3 kwa mwezi. Kutoka mahali palipotobolewa hadi msuli wa vidole ni sentimita 7 au 8. Nimepiga hesabu na kuandika kwa chaki kwenye nguzo ya banda: katikati ya Mei. Kama hakuna dalili yoyote ifikapo mwezi wa nne tangu upasuaji, itabidi mshipa ufunguliwe na kutazamwa, na kama hilo litashindikana kuna njia ya kuhamisha kano za misuli mizima ili zifanye kazi ya zile zilizokufa.

20 Aprili, wiki ya 8

Masika imeshika, mashua imefunikwa turubai. Jambo la tatu limejitokeza, na hili halina uhusiano na mishipa.

Kwa wiki mbili kiganja kilikuwa kinagoma kugeuka. Nilidhani ni uoga wangu. Kwenye dua niliona kwamba kiganja cha kushoto kimekaa bapa kupokea, na cha kulia kimesimama ubavuni. Nilichora nusu duara ya digrii kwenye kipande cha ubao, nikakaa kiwiko ubavuni, penseli ndani ya ngumi, na mke wangu akasoma: kugeuza juu 35, kugeuza chini 50. Mkono wa kushoto ulisoma 85 na 75.

Picha ya eksirei imeonyesha mfupa mpya, vipande vidogo kama chembe za mchele, umeota ndani ya nyama jirani na tundu. Daktari alisema nyama iliyojeruhiwa karibu na mfupa, yenye unga wa mfupa uliotoka kwenye kutoboa, wakati mwingine hugeuka kuwa mfupa. Ndiyo maana jeraha huoshwa sana kabla ya kufungwa. Baadhi ya wapasuaji hutoa dawa ya indomethasini kwa wiki chache ili kuzuia, lakini kwangu haikutolewa kwa sababu ya vidonda vyangu vya tumbo, na nakubaliana na uamuzi huo.

Alinisimulia historia ambayo imenigusa kama fundi. Mwaka 1961 wapasuaji wawili, Boyd na Anderson, walieleza njia ya kupasua sehemu mbili, mbele na nyuma, wakikusudia kuuepusha ule mshipa wa nyuma. Njia hiyo ilikuja kuonekana kuwa na mtego wake: kwa baadhi ya wagonjwa mfupa uliota ukaunganisha mifupa miwili ya kigasha, na kiganja kikafungwa kabisa. Baadaye njia ilirekebishwa ili mfupa wa pili usiguswe. Kwangu daraja halijaungana; kuna nafasi kati ya mifupa. Hivyo hakuna kukata sasa. Ni kugeuza taratibu, mara nyingi kwa siku, bila kulazimisha kwa nguvu za mtu mwingine, na picha nyingine baada ya miezi miwili.

4 Mei, wiki ya 10

Kovu limeanza kuinuka na kuwasha. Nimepewa bandeji ya silikoni. Nimeungua pia kwa birika kwenye ile ngozi yenye ganzi, na nilijua kwa harufu kabla ya kuhisi. Nimewaagiza watu wa nyumbani waniwekee chai upande wa kushoto.

18 Mei, wiki ya 12

Ruhusa ya kuanza nguvu: nusu kilo, kisha kilo 1. Nimepanda mashuani. Kugeuza juu 45.

25 Mei, wiki ya 13

Leo baada ya Alfajiri, kidole cha kati kimeinuka. Kimeondoka mezani kiasi cha unene wa msumari, kikatetemeka, kikaanguka. Nilimwita mke wangu, nikarudia, kikainuka tena. Hakusema neno, alikishika. Nimeandika kwa chaki kwenye nguzo ya banda tarehe ya leo pembeni ya ile niliyoikisia.

15 Juni, wiki ya 16

Vidole vinne vinaondoka mezani, vya kati vikitangulia, cha shahada kikivuta nyuma. Kifundo kimeacha kuegemea upande. Gumba bado. Mtaalamu amesema huo ndio utaratibu, kwani misuli iliyo karibu na kiwiko hufikiwa kwanza na ya gumba hufikiwa mwisho. Picha ya pili ya eksirei: mfupa uleule, haukuongezeka, kingo zake sasa ni kali na nyeupe, yaani umekomaa. Kugeuza juu 55.

6 Julai, wiki ya 19

Gumba limenyooka. Nimeweza kuachia nyundo. Hadi leo nilikuwa naweza kuishika lakini kuiachia lazima mkono wa kushoto uje kufungua vidole, jambo ambalo mtu mzima hawezi kulieleza mbele ya wanafunzi wake bila kuinamisha macho.

24 Agosti, wiki ya 26

Kalafati imeanza. Nimejipima kwenye mshono mmoja wa chini, karibu na mkuku, uzi wa pamba uliolowekwa mafuta, patasi kushoto na nyundo kulia. Nyundo haikunishinda. Kilichonishinda ni kubadilishana mikono katika kona ya fashini, ubao unaosimama kwenye ncha ya mkuku, ambapo mkono wa kulia ndio unaopaswa kuigeuza patasi kwa kiganja juu. Baada ya urefu wa mita 2 kigasha kilichoka na patasi ikaanza kuyumba. Mwanangu alimaliza mshono. Nimepima: kukunja, mkono wa kulia unabeba karibu sawa na wa kushoto, kugeuza juu kwa nguvu, bado uko nyuma, na tofauti naihisi kwenye bisibisi kila siku.

21 Septemba, wiki ya 30

Kugeuza juu 65, kugeuza chini 70. Kipimo hakijabadilika kwa wiki nne. Daktari amesema kama digrii zilizobaki zinanizuia kazi, ule mfupa mdogo unaweza kutolewa kwa kuwa umekwisha kukomaa, ila upasuaji huo utapita tena karibu na mshipa uleule. Nimezungumza na mke wangu na wanangu, nimekaa nalo siku tatu, na nimekataa. Uta wa keekee nauvuta. Kona ya fashini nitampa mwanangu, ambaye sasa anaiweza kuliko mimi.

Ganzi imebaki sehemu ndogo kama sarafu ya shilingi 200, juu kidogo ya kifundo. Wiki iliyopita karatasi ya kuruhusiwa ya fundi mwenzetu aliyeshonwa bega ilikuja na mstari mpya, umeandikwa kwa mkono chini ya ile mitatu: “Fungua vidole vyote na uinue gumba kabla ya kuondoka. Ukishindwa, mwite daktari sasa.” Nimeinakili karatasi hiyo kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa banda.

Kazi zilizobaki: mishono minne ya ubavu wa kushoto, sifa (mafuta ya samaki ya kupaka chombo), usukani, na kipimo cha mkono tarehe 19 Oktoba.